Supu ya kopo kwenye mapishi ya Cajun: chumvi imezidi, wali bokoboko, mchuzi umekatika

Kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani, kwenye nyumba za Wacajun, watu wenye asili ya Kifaransa, kuanzia Lafayette hadi Breaux Bridge na miji midogo ya kandokando ya mabwawa, utakuta wapishi wenye heshima zao wanaofungua kopo la supu bila kujificha. Etufe ya siku ya kazi, yaani mchuzi mzito wa kamba unaoliwa na wali, hupikwa kwa krimu ya uyoga. Jambalaya, wali unaopikwa pamoja na nyama au soseji kama pilau, ikiwa ya raisikuka, lile jungu la umeme la wali, hupikwa kwa supu ya vitunguu ya kopo na kopo la mchuzi wa ng'ombe. Vitabu vya mapishi vinavyochapishwa na kina mama wa makanisa ya huko vina mapishi tele ya namna hiyo. Kwa hiyo hapa hatubishani kama mtu apike hivyo au asipike. Tunatafuta kwa nini chakula chako kimeharibika.

Supu tunayoizungumzia ni ile nzito iliyopunguzwa maji kiwandani. Mkemia wa kampuni ya Campbell, John T. Dorrance, aliitengeneza mwaka 1897, na krimu ya uyoga ikaingia madukani mwaka 1934. Ukigeuza kopo lake, inateleza nzima nzima na kusimama sufuriani na mistari ya kopo ubavuni mwake. Kinachoisimamisha hivyo ni wanga, na chumvi yake nayo ni nyingi. Kopo hilo linashika nafasi ya ruu, yaani unga uliokaangwa kwenye mafuta, ambao ndio uti wa mgongo wa vyakula vingi vya Cajun. Halishiki nafasi ya vitunguu vilivyokaangwa taratibu. Malalamiko mengi yaliyo hapa chini yanatokana na mtu kulichukulia kopo kama maji au kama ladha, wakati alichomwaga sufuriani ni unga na chumvi.

Vipimo ninavyotumia: kopo la kawaida ni aunsi 10.5, karibu gramu 300. Kikombe ni kile cha Marekani, mililita 240. Kipande kimoja cha siagi ya Marekani ni gramu 113.

Chumvi imezidi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza.

Mshukiwa wa kwanza si kopo, ni kebe la viungo. Viungo vya unga vya Louisiana, kama Tony Chachere's inayotoka Opelousas, vina chumvi kuliko kitu kingine chochote. Soma orodha kwenye kebe, chumvi ndiyo ya kwanza. Kijiko kimoja cha chai kina sodiamu inayokaribia miligramu 1,400. Mtu anakoleza vitunguu mwanzoni kama alivyozoea kukoleza pilau kwa bizari, halafu anamwaga kopo juu yake. Basi, imekwisha hapo.

Mshukiwa wa pili ni kopo la pili. Mapishi yanasema moja, mgeni ameongezeka, wewe umeongeza kopo badala ya kuongeza vitunguu na nyama. Kisha soseji za moshi na siagi yenye chumvi, ambazo kila moja peke yake haina neno, lakini zikikutana na kopo zinajumlishana. Wa mwisho ni moto: mchuzi ukichemka wazi kwa muda mrefu, maji yanaondoka na chumvi inabaki palepale.

Ukaguzi ni mwepesi. Kabla supu haijaingia sufuriani, chota ncha ya kijiko uionje kama ilivyo. Kisha soma lebo. Krimu ya uyoga ya kawaida huwa na miligramu 800 hadi 900 za sodiamu kwa nusu kikombe, na kopo lina nusu vikombe viwili na kitu. Piga hesabu: kopo moja linafikia miligramu 2,000 au kupita, na hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikipite kwa siku nzima. Ikigawanywa kwa walaji sita si mbaya. Ikiliwa na wawili ni mbaya.

Kuirekebisha, anza na kisichogusa sufuria: pika wali mweupe bila chumvi kabisa na uupakue mwingi kuliko mchuzi. Mara nyingi hilo linatosha, kwa sababu etufe haikukusudiwa kuliwa peke yake. Ikiwa haitoshi, kaanga kitunguu kingine na hoho kwa siagi isiyo na chumvi, vikilainika vitie ndani pamoja na maji kidogo. Limau huifunika chumvi kidogo mdomoni lakini haiipunguzi. Kuhusu kiazi kinachotupwa ndani "kinyonye chumvi": kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, na mchuzi unaobaki una chumvi ileile. Kitie ukitaka kula viazi.

Mara nyingine: viungo visivyo na chumvi. Pilipili kali ya unga, pilipili manga, paprika, kitunguu saumu cha unga na majani makavu ya zaatari. Chumvi ionjwe mwishoni, na mara nyingi utakuta haihitajiki.

*Hapa usijiamulie peke yako.* Kama nyumbani kuna mgonjwa wa shinikizo la damu, moyo au figo, kopo lililoandikwa kwamba limepunguzwa sodiamu si jibu la moja kwa moja. Baadhi yake hutiwa kloridi ya potasiamu badala ya chumvi, na potasiamu inaweza kumdhuru mgonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha. Uliza daktari au mtaalamu wa lishe kabla, na umpelekee picha ya lebo.

Wali umekuwa bokoboko

Hapa tunazungumzia jambalaya ya raisikuka. Mapishi yake yanayozunguka kila mahali ni haya: mchele vikombe viwili na nusu, kopo la supu ya vitunguu, kopo la mchuzi wa ng'ombe, kopo dogo la sosi ya nyanya la aunsi 8, siagi kipande kimoja, soseji ya moshi karibu nusu kilo, kitunguu, hoho, selari. Maji hayamo. Rudia kusoma: maji hayamo.

Sababu iliyo mbele ya zote ni lebo ya kopo. Imeandikwa uongeze kopo moja la maji, nawe ukatii. Maelekezo yale ni ya mtu anayetaka kunywa supu. Ukiyafuata kwa makopo mawili umeongeza zaidi ya nusu lita, na hakuna mchele utakaostahimili.

Inayofuata inawapata wengi bila kujua: kikombe. Kile kikombe cha plastiki kinachokuja na raisikuka ni cha mililita 180, si 240. Vikombe viwili na nusu vya plastiki vinapungua robo nzima ya mchele, wakati makopo yamebaki yaleyale. Ukipima kwa kikombe hicho, weka vitatu na theluthi.

Ya tatu ni mazoea yetu. Anayetoka kwenye pilau analoweka basmati nusu saa, kisha anaichuja na kuitia. Mchele ulioloweka umeshakunywa maji, na mapishi haya hayakulihesabia hilo. Louisiana wenyewe hutumia mchele wao mrefu au wa kati, na eneo la Crowley ndilo kitovu cha mchele huo. Usiuloweke, uoshe haraka, uchuje mpaka maji yakome kudondoka. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa, ule wa rangi ya manjano hafifu, unavumilia makosa zaidi ya wote. Ule wa papo kwa papo usiuguse.

Na mwisho, kamba waliogandishwa kutupwa ndani na barafu yao. Wayeyushe, wakaushe kwa karatasi, uwatie raisikuka likishajizima, ufunike dakika 10. Mvuke unawatosha wadogo. Wakubwa wapitishe kwanza kwenye kikaangio. Kamba aliyeiva ni mweupe kabisa ndani, si wa kioo. Akibaki wa kioo, mrudishe motoni.

Wali uliolowa kidogo unaokoleka: utandaze kwenye trei pana, uingize kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 10, ukiwa wazi. Uliokuwa uji hauokoleki. Usihangaike nao, tia kwenye hoho zilizokatwa vifuniko, uchome. Hoho za kujaza wali na nyama ni chakula cha heshima huko huko Louisiana, na hakuna atakayekuuliza ulianza kupika nini.

Wali mbichi juu, umeungua chini

Kinyume cha hiyo, na chanzo chake kinafurahisha ukikielewa. Raisikuka halina saa ndani. Lina kipimajoto kinachogusa kitako cha chungu. Maji yakiwepo, kitako hakipandi sana juu ya nyuzi 100. Maji yakiisha, joto linapanda, swichi inaruka. Sasa wewe badala ya supu ya vitunguu, ambayo ni nyepesi, umetia krimu ya uyoga. Ule uzito unazama, unatulia chini, unaanza kuungua huku juu mchele unaelea kwenye maji. Kipimajoto kinahisi joto la ukoko na kuamini kwamba wali umeiva.

Ndiyo maana jambalaya hupikwa kwa supu nyepesi, na krimu zikaachiwa etufe na vyakula vya oveni. Kama huna budi kutumia krimu, ikoroge kwanza kwenye mchuzi wa moto mpaka isibaki bonge hata moja, ndipo uimimine.

Sababu nyingine, kwa mpangilio wa kutokea: sosi ya nyanya imemiminwa mwanzo na kukaa chini (sukari yake inaungua haraka, kwa hiyo koroga kila kitu kabla ya kuwasha), kifuniko kimefunuliwafunuliwa, chungu kimejazwa kupita alama yake.

Kurekebisha: zima. Nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, geuza wali wa juu uende kati lakini ukoko uuache ulipo. Subiri dakika 10 kitako kipoe, maana swichi haikubali kushuka kikiwa cha moto. Bonyeza tena. Usiizuie swichi kwa kijiko wala kipande cha karatasi.

*Acha na uite fundi* endapo: waya au plagi inapata moto mkononi, kuna harufu ya plastiki inayoungua, umeme unakatika kila ukiwasha, mchuzi ulifurika ukaingia chini ya chungu na chombo bado kimelowa. Chomoa kwanza kwenye soketi, ndipo uchunguze.

Na kwa mliobeba raisikuka kutoka Marekani kuja nalo nyumbani: lile ni la volti 120. Tanzania ni 230, Kenya ni 240. Joto la waya wa kupashia hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukilichomeka moja kwa moja linajaribu kutoa joto mara nne ya lililokusudiwa, na halitadumu hata dakika chache. Kale kaplagi ka kubadilishia pini kanabadilisha umbo tu, volti ni zilezile. Kinachotakiwa ni transfoma inayobeba wati za chombo, na hiyo ni kazi ya kumuuliza fundi umeme. Kusema kweli, kununua jingine dukani ni nafuu.

Chakula kina ladha ya kopo, au kimepooza tu

Mtu anaweza kufuata kila kipimo, chumvi ikakaa sawa, mchuzi ukawa laini, na bado mlaji wa Lafayette akaweka kijiko chini. Hapa ndipo penye kazi.

Tazama kwanza vitunguu vyako. Msingi wa Cajun ni kitunguu, selari na pilipili hoho. Kwa etufe ya kopo moja, chukua vitunguu viwili vikubwa, selari mabua mawili na hoho moja, kwenye siagi kipande kimoja. Mwanzoni sufuria inapiga kelele ya maji. Baada ya dakika 10 kelele inashuka, kitunguu kinakuwa cha kioo. Wengi humwaga kopo hapo. Usimwage. Endelea kwa moto wa wastani hadi dakika 25 au 30, mpaka kelele iwe ya mafuta matupu, vitunguu vianze kushika rangi ya karanga na mwiko ukipita chini uache njia inayojifunga polepole. Kopo limekuokoa kwenye kukoroga ruu. Dakika hizi halikuokoi, wala halikuahidi hivyo.

Tazama pili kama supu yenyewe imepikwa. Imeshaiva kiwandani, ndiyo, lakini ikipashwa tu inabaki na ule ubapa wa wanga. Ipe dakika 10 hadi 15 za kuchemka kidogo kidogo pamoja na vitunguu, kabla ya nyama au kamba.

Tatu, nyanya ziliingia mapema. Nyanya za kopo zenye pilipili, zinazotumika sana Texas na Louisiana, zina asidi, na asidi huchelewesha mboga kulainika. Selari ikikutana nazo ikiwa ngumu, itabaki na ugumu wake mpaka mezani. Vitunguu vilainike kwanza.

Nne, hakuna kitu kikali cha kumalizia. Wanga na maziwa vinaziba ladha. Matone ya limau, sosi ya pilipili yenye siki (Tabasco inatengenezwa palepale Louisiana, kisiwani Avery, tangu 1868), majani ya kitunguu kibichi na giligilani ya Kizungu iliyokatwa. Vyote hivi vinaingia moto ukishazimwa.

Chakula kikiwa kimeshaharibika kwa namna hii, tiba ipo: kikaangio cha pembeni, siagi, kitunguu kimoja kilichokatwa ndogondogo na kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo nzito. Kaanga mpaka nyanya igeuke kutoka nyekundu kuwa ya matofali, mwagia mchuzi kidogo ukwangue yaliyoshika chini, urudishe yote sufuriani.

Kwa wasiokula nguruwe: andouille, soseji ya moshi ya Kicajun, ni ya nguruwe, na soseji nyingi za moshi vilevile. Ya bata mzinga ina mafuta machache na moshi kidogo, kwa hiyo ikaange peke yake mpaka ishike rangi kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo utaishia tena kwenye kichwa hiki cha habari. Na makopo yasomwe: supu ya vitunguu huwa na mchuzi wa ng'ombe, krimu ya kuku ina mafuta ya kuku, na baadhi ya supu zina mvinyo. Anayetaka uhakika wa kuchinjwa atengeneze mbadala wa kopo moja mwenyewe: siagi vijiko vikubwa vitatu na unga wa ngano vijiko vikubwa vitatu, vikaangwe dakika mbili, kisha nusu kikombe cha maziwa na nusu kikombe cha mchuzi, vikorogwe mpaka vizito.

Gumbo, ule mchuzi wa Louisiana unaoliwa kama supu nzito, je? Maoni yangu ni kwamba krimu ya kopo haina kazi kwenye gumbo. Gumbo inataka ruu nyeusi au ya kahawia, na krimu nyeupe inaizima rangi na ladha. Ukitaka njia ya mkato, wenyeji wanayo ya kwao: ruu ya chupa, iliyokwishakaangwa, inayouzwa madukani kote Louisiana. Tia hiyo kwenye mchuzi unaochemka, na bamia zako.

Mchuzi umekatika

Wapishi wa Pwani wanalijua hili kutoka kwenye tui: linachemka kwa fujo, halijakorogwa, linakatika. Kwa krimu ni hivyohivyo, ila kopo lenyewe mara chache ndilo lenye kosa, kwa kuwa wanga wake unayashikilia maziwa vizuri. Kinachokatika ni ulichoongeza: maziwa yenye mafuta machache, krimu chachu, jibini. Mara nyingi mchuzi ulikuwa na nyanya ukachemka kwa nguvu. Mara chache zaidi maziwa yalitoka kwenye friji moja kwa moja.

Ondoa motoni. Punje zikiwa ndogo, tia vijiko viwili vya krimu nzito ukikoroga haraka, au chukua kikombe cha mchuzi bila nyama, saga, rudisha. Krimu chachu na jibini viingie moto ukiwa umezimwa. Mchuzi uliokatika hauna sumu, ni sura tu imeharibika. Ukiwa na haraka, panga kwenye wali na utie majani ya kitunguu juu.

Mafuta ya manjano yanayoelea peke yake si kukatika. Hiyo ni siagi iliyozidi, au mafuta ya krofishi, yule kamba wa mtoni mwenye magando. Ya pili yaache, ndiyo utamu wenyewe.

Mchuzi ni kama gundi, au ni kama maji

Kama gundi: umesahau kwamba wanga unaendelea kukaza kadiri unavyopoa. Simamisha mchuzi ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka. Punguza kwa maji ya moto, si kwa mchuzi wa kopo, maana huo utakurudisha kwenye chumvi.

Kama maji: mara nyingi ni kamba au krofishi waliotoa maji yao. Chemsha wazi baada ya kuwatoa. Usimwage unga mkavu, utapata mabonge. Kijiko cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi, au ponda unga na siagi kiasi sawa, udondoshe kidogo kidogo.

Krofishi wamekuwa mpira, au wanavurugika kama uji

Krofishi ni kamba wa maji yasiyo na chumvi, mwenye magando. Wa Kenya wanaweza kuwa wamemwona: spishi ileile ya Louisiana ilipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Huko Louisiana msimu wake mnono ni kuanzia Machi hadi Mei, na nje ya hapo unanunua mikia iliyomenywa na kugandishwa, pakiti ya ratili moja.

Mpira: mikia hiyo huwa imeshapitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kumenywa. Unaipasha tu. Dakika 5 hadi 10 za mwisho zinatosha. Aliyeitia pamoja na vitunguu ameipika nusu saa bure.

Uji: pakiti iliyeyuka, ikagandishwa tena, au walikaa muda mrefu kabla ya kuchemshwa. Tezi ya kichwani, ile yenye mafuta ya rangi ya chungwa, ina vimeng'enya vinavyokula nyama yake mwenyewe. Hakuna tiba ya sufuriani. Wakiwa na harufu ya amonia, kama mkojo, tupa wote pamoja na mchuzi uliokwisha kuwagusa. Yeyusha pakiti ndani ya friji usiku kucha, kamwe si juu ya meza.

*Piga simu ya dharura* ikiwa mlaji anavimba midomo au uso, anapata vipele mwili mzima, anakohoa na kukosa pumzi baada ya kula. Mzio wa kamba na wa krofishi mara nyingi huenda pamoja, na mtu anaweza kuupata ukubwani hata kama amekula kamba maisha yake yote. Kwa Marekani ni 911. Usisubiri uone kama utapoa.

Imeshika chini, inanuka moshi

Usikwangue. Mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, acha iliyoshika. Onja, ikiwa moshi umepanda, hakuna viungo vitakavyouficha. Sababu ni moto mkubwa chini ya krimu, sufuria nyembamba, au kuacha kukoroga baada ya kopo kuingia. Sufuria nzito za alumini ya kusubu ndizo wanazozipenda Louisiana, na wana haki.

Siagi au mafuta yakishika moto: zima jiko, funika kwa kifuniko cha chuma, usisogeze sufuria, usimwage maji. Yakiendelea, toeni watu nje na muite zimamoto.

Kopo lenyewe lina kasoro

Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyopenya, lililobonyea kwenye mshono, au linaloruka povu unapolitoboa: hakuna kuonja, hata kwa ncha ya ulimi. Bakteria wa botulini hutoa sumu ambayo huwezi kuitegemea harufu ikuonye. Lifunge ndani ya mifuko miwili, litupe mahali watoto na wanyama hawafiki, osha mikono na kila lilichogusa. Kopo lililobonyea kidogo ubavuni, mbali na mshono, kwa kawaida halina tatizo.

Aliyekwisha kula kisha akaanza kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito au kushindwa kumeza, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Dalili huja mara nyingi ndani ya saa 12 hadi 36, lakini zinaweza kuchelewa siku kadhaa, kwa hiyo mwambie daktari ulichokula hata kama ni cha juzi. Beba kopo au picha yake.

Kiporo kimebadilika

Kukaza ni kawaida. Pasha kwa moto mdogo na maji kidogo. Kinachohitaji ukali ni saa. Wali na kamba visikae nje zaidi ya saa mbili, na pakiwa na joto la nyuzi 32 kwenda juu, saa moja. Wali uliolala juu ya jiko unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo kuchemsha upya hakuiondoi. Gawa kwenye vyombo vifupi, ingiza kwenye friji kingali na uvuguvugu, maliza ndani ya siku tatu au nne. Jambalaya inagandishika bila shida. Etufe ya krimu ikigandishwa itajitenga maji na maziwa. Ikoroge kwa nguvu wakati wa kupasha, na hata hapo haitakuwa kama ya siku ya kwanza.